Mgeni wa Kapalamsenga

Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakufika Kapalamsenga. Kashinje alikuwa na mwaka wa tatu akitoka Mpanda kwenda kuwatengenezea wavuvi taa za sola, na jembe lenyewe alikuwa hajalisikia hata harufu.

Jumapili hiyo mbalamwezi ilikuwa kali, na kukiwa na mwezi dagaa hawavuliki. Kwa hiyo Baltazari, mvuvi aliyezoea kumlaza kwake, alimwambia watembee na boti kando ya ziwa, wakale samaki mbele huko. Kashinje alifurahi kama mtoto. Kule Mpanda, mtaa wa Majengo, alikuwa na chumba cha kupanga na redio, basi. Mkewe alishafariki, na mtoto hawakujaliwa. Alikusudia siku hiyo hiyo amwombe Baltazari amtafutie kiwanja, ahamie ziwani, naye awe na watu.

Walipofika kwenye mchanga, Zakayo, mdogo wake Baltazari, akakusanya kuni. Kashinje naye akainama aokote.

“Kaa, mgeni wetu,” alisema Verdiana, mke wa Baltazari, akamtandikia kitenge.

Wenyewe walikula sinia moja, wakinyang'anyana kichwa cha mgebuka na kutaniana mpaka machozi yakawatoka. Yeye aliwekewa sahani yake peke yake, minofu mitupu. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Alikula kwa adabu.

Waliporudi, boti ilipokaribia nchi kavu, Baltazari aliruka majini akageuza mgongo ambebe, maana mgeni haloweshwi miguu. Kashinje akaona liwalo na liwe. Akajitosa na viatu vyake, maji yakamfika kiunoni, akaishika boti na kuivuta kwa nguvu zake zote.

Verdiana alimgeukia mumewe. “Nyie mna akili kweli? Mgeni wa watu mnamlowesha hivi, kijiji kizima kinaona?”

Baltazari akaomba radhi, akarudia tena. Zakayo akakimbia kuleta kiti. Kashinje akakalishwa, amejifunga khanga kavu, akawatazama wenzake wakimalizia kuivuta boti. Habari ya kiwanja akaimeza.

Asubuhi, Kashinje akisubiri gari la Mpanda, Verdiana alimpa mfuko wa dagaa.

“Wapelekee wa nyumbani. Wasije wakasema ulitoka kwetu mikono mitupu.”

“Watafurahi sana, shemeji,” alijibu Kashinje.

Miaka yote hiyo hawakuwahi kumuuliza nyumbani kuna nani, naye hakuwahi kusema.