Sala Juu ya Bwawa Lililofukiwa

Ezell Pettway hakuwahi kusoma gazeti kimya. Kila asubuhi, akishamaliza kahawa yake, alikaa barazani, akavaa miwani, akamsomea jirani yake Cleophus Bright habari za Marekani kwa sauti ya karani wa mahakama anayesoma mashtaka. Cleophus alikuwa na macho mazima na angeweza kununua gazeti lake mwenyewe, ila alisema gazeti la mji wao wa Tolliver bila maneno ya Ezell ni uji wa mahindi usiotiwa siagi.

"Hapa kuna seneta," Ezell alisoma, "anasema nchi hii haina ubaguzi hata chembe. Ushahidi wake ni kwamba ana rafiki Mweusi."

"Rafiki mwenyewe anaitwa nani?"

"Hakumtaja."

"Basi ni mimi. Hawajaniarifu tu."

"Na hapa kuna marehemu kashinda kiti cha bodi ya shule. Alikufa kabla ya kura, na wakampa vilevile."

"Mzungu?"

"Na wewe unauliza."

"Nauliza kwa sababu mimi mzima, napumua, na mwaka juzi waliniambia jina langu halionekani kwenye daftari la wapiga kura."

Walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha wazee wa Alabama, kile kinachoishia puani. Ezell alikuwa amepita miaka sabini. Alikatakata kuku kiwandani mpaka vidole vya mkono wa kulia vikagoma kunyooka, na zaidi ya nusu ya umri wake amekuwa shemasi wa kanisa la Wabaptisti la Mlima Nebo. Hapo kanisani alikuwa na jambo moja la ajabu. Siku ya ubatizo mashemasi huingia majini pamoja na mchungaji kuwashika wanaobatizwa. Ezell hakuingia hata mara moja. Alisimama pakavu, taulo begani, akiwapokea waliolowa. Wageni walidhani ni uzee. Wenyeji walijua, na hawakumuuliza.

Walijua habari za bwawa. Ezell alipokuwa mtoto, mji wa Tolliver ulikuwa na bwawa la kuogelea la umma, kubwa, la samawati, lenye ubao wa kurukia, na mtoto Mweusi aliruhusiwa kuliangalia kutoka nje ya uzio. Kisha mahakama ikaamuru lifunguliwe kwa watu wote. Waheshimiwa wa mji walikaa kikao kimoja tu. Asubuhi yake malori ya halmashauri yakaja yamejaa udongo, yakaumwaga ndani ya bwawa mpaka likafutika. Waliona heri watoto wao wenyewe wafe kwa joto kuliko kulowa maji mamoja na watoto wa akina Pettway. Ukitaka kuijua chuki, usiitafute kwenye matusi. Itafute pale mtu anapokubali kujinyima ili mradi wewe usipate.

Kaka yake Ezell, Hosea, alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa na wazimu wa maji. Majira yale ya joto, bwawa lilipofukiwa, alikwenda mtoni. Hakuwa amefundishwa kuogelea, na angefundishwa wapi. Walimtoa siku ya pili.

Gazeti la Tolliver liliandika mstari mmoja, chini kabisa, kwenye safu ya habari za Weusi: mtoto wa Kinegro amezama mtoni. Basi. Mama yao, Arzula, alivaa kofia yake ya kanisani, akaenda kwa miguu hadi ofisi ya gazeti, akasimama mlango wa nyuma uliotengwa kwa Weusi, akaomba waandike jina la mwanawe. Mwenye gazeti alimwambia nafasi imejaa. Ni kweli ilijaa. Ukurasa wa mbele wiki ile ulikuwa wa nyumbu wa kukokota plau aliyeingia benki, na picha yake, na jina lake: Old Belle. Arzula aliishi miaka mingi baadaye na alikuwa mwanamke wa maneno machache, lakini nyumbu yule alimtaja hata kwenye kitanda cha mauti.

Ndiyo maana, meya wa sasa alipokuja barazani na habari yake, Ezell aliondoa miwani na kumsikiliza vizuri. Meya Marybeth Haskew alikuwa rika la binti yake. Yeye alimwita Ezell kwa jina tupu, na Ezell alimwita yeye Mheshimiwa, na hakuna aliyeona ajabu.

"Ezell, tunafungua Bustani ya Umoja," alisema. "Pale kwenye uwanja wa nyasi, nyuma ya maktaba."

"Penye bwawa."

"Palipokuwa na bwawa. Tumeweka na kibao cha shaba cha kumbukumbu." Akamwonyesha picha kwenye simu. Kibao kilisema: Hapa palikuwa na bwawa la mji, lililofungwa kwa ajili ya matengenezo.

Ezell alikisoma mara mbili. "Matengenezo haya fundi wake ni nani, maana ni miaka sitini hajarudi."

Meya alicheka kwa adabu. "Tunataka kutazama mbele, Ezell. Hatutaki kufukua mambo."

"Mimi naomba jina moja tu kwenye kibao. Hosea Pettway. Ni kaka yangu."

"Kibao kimeshatengenezwa. Naelewa, kweli naelewa."

"Basi nipe nafasi ya kusema maneno mawili jukwaani."

"Una nafasi. Utatufungia kwa sala, kama kawaida. Dakika mbili zinatosha."

Kama kawaida. Sherehe yoyote ya Tolliver ilikuwa na Mweusi mmoja jukwaani, na kazi yake ilikuwa sala ya kufunga. Wazungu walihutubia, Mweusi akafumba macho. Ezell alishafunga ufunguzi wa kituo cha zimamoto, wa duka kubwa, na mti wa Krismasi miaka chungu nzima. Mkewe Vashti hakuwahi kumwacha apumue kwa hilo.

"Mji huu umekufanya kifuniko, baba," alimwambia jioni ile, akimenya viazi vitamu. "Wakishapika yao, wanakuchukua wewe kufunika."

"Safari hii naenda kufunua."

"Kwa sala?"

"Hasa kwa sala. Nikihutubia watanizima kipaza sauti. Nani Alabama hii atamkatiza mtu anayeongea na Mungu? Nataka jina la Hosea liingie kwenye gazeti lao kabla sijafa, Vashti. Mara moja tu. Mama alilisubiri mpaka akafa."

Vashti aliacha kumenya. "Basi vaa suti nyeusi," alisema.

Siku ya sherehe jua liliwaka bila huruma. Wakahutubu, wakapongezana, bendi ya shule ikapiga. Akina mama wa Mlima Nebo walikaa safu ya pili wakijipepea kwa vipepeo vya karatasi. Mwandishi wa gazeti, kijana mwenye kofia, alikuwa mbele kabisa, akiandika kila neno la meya. Ezell aliitazama kalamu yake. Alipoitwa, alishika kipaza sauti, na watu wote wakavua kofia na kuinamisha vichwa.

"Bwana," alianza, "wewe unajua kilichomo chini ya nyasi hizi."

"Naam, Bwana," walijibu akina mama.

"Unajua hayakuwa matengenezo."

Mtu alikohoa. Ezell aliendelea, macho kayafumba kwelikweli.

"Uliyaona malori, Bwana, na waliokuwa ndani yake, na waliokaa kikao. Walimwaga udongo ili sisi tusiingie. Nilikuwa nje ya uzio, nimeushika waya, na kaka yangu alikuwa ubavuni mwangu."

"Mwambie, Shemasi."

"Kaka yangu alikuwa Hosea Pettway. Alipenda maji. Walipolifukia bwawa alikwenda mtoni, na hakurudi. Hosea Pettway, Bwana. Nakutajia wewe kwa sababu mji huu haukumtaja. Mama yangu aliwaomba wamtaje, wakamwambia nafasi imejaa."

Alihisi vidole vya meya vikimgusa mkono wa koti, kidogo, kama mtu anayekukumbusha muda. Kiongozi wa bendi aliinua tarumbeta, akaishusha. Hata yeye hakuthubutu. Vashti alisema jina kwa sauti, "Hosea Pettway," na safu nzima ya pili ikalirudia. Ezell akasema Amina.

Alipofumbua macho alijisikia mwepesi, mwepesi kwa namna ambayo hakuikumbuka tangu utotoni. Watu walikwishaanza kupanga foleni ya soseji. Kijana wa gazeti alikuwa anavaa kofia yake na kuchomoa kalamu mfukoni. Ezell aliliona hilo na halikumwambia kitu. Usiku ule alikula pai ya viazi vitamu vipande viwili na akalala kabla ya mkewe.

Asubuhi alilifungua gazeti kabla hata ya kukaa. Ukurasa wa mbele ulikuwa na nguruwe. Alitoroka shambani, akavuka barabara kuu, akaingia ofisi ya kuandikisha wapiga kura na kugoma kutoka. Picha ilikuwa ya rangi. Jina lake Clementine.

"Walimdai kitambulisho?" Cleophus aliuliza.

Ezell alikuwa anafunua kurasa. Bustani ya Umoja ilikuwa ukurasa wa sita. Hotuba ya meya ilikuwepo, karibu yote. Bendi ilikuwepo. Soseji zilisifiwa. Mwisho: Ezell Pettway alifunga kwa sala.

Aliisoma kwa sauti, kama alivyozoea, akaugeuza ukurasa kutafuta yaliyobaki.

Cleophus alivuta kiti karibu. "Mimi nilimwona yule kijana, ndugu yangu. Ulipoanza tu aliweka kalamu mfukoni, akavua kofia, akafumba macho. Katoka kwa watu wanaojua adabu. Sala haiandikwi."

"Nilichagua mahali ambapo hakuna atakayenikatiza."

"Ndipo hapohapo ambapo hakuna anayeandika. Na mimi sikung'amua hilo mpaka tulipofika nyumbani, na hapo sikutaka kukuharibia pai yako."

Simu ililia ndani, Vashti akamletea. Alikuwa meya, mchangamfu.

"Ezell, sala ya jana ilitugusa sote. Mimi nililia, sikufichi. Sasa, Jumamosi tunamfanyia nguruwe wetu kasherehe kadogo, watoto wamempenda sana. Tukasema nani mwingine atatufungia kama si wewe?"

"Ulilia, Mheshimiwa?"

"Machozi kabisa."

"Nilimtaja nani kwenye sala?"

Alisikia mtu akipiga chapa upande wa pili.

"Ulituombea umoja," meya alisema.

"Na nguruwe anaitwa nani?"

"Clementine," alijibu papo hapo.

Ezell alikata simu, akamrudishia mkewe. Alikaa, akavua miwani, akalisukuma gazeti upande wa Cleophus.

"Leo soma wewe," alisema.

Cleophus alilichukua, akalikunja, na hakusoma.