Bizari Katika Rejeta

Niliondoka Nakuru alfajiri kwenda Kampala, nikiwa na pikapu kuukuu na marobota ya mitumba. Hiyo pikapu ndiyo ilikuwa kazi yangu, nyumba yangu na akiba yangu yote. Kwenye mlima wa Timboroa taa nyekundu ya joto iliwaka, nikangoja ikazima, nikaendelea. Nilipofika mpakani rejeta ilikuwa inavuja waziwazi. Nikafanya kama nilivyomwona baba akifanya: nilinunua bizari kwenye duka la jirani, pakiti tatu, nikaimimina yote ndani ya rejeta. Uvujaji ukakoma. Nikajiona fundi.

Kabla ya kumaliza msitu wa Mabira taa iliwaka tena, na safari hii haikutaka kuzima. Nilikwenda kidogo, nikasimama, nikateka maji ya bwawa kwa kopo, nikaenda tena. Niliingia Kampala siku ya pili. Ilikuwa miaka michache baada ya vita, kuta nyingi bado zina matundu ya risasi, na watu wanajenga kama waliochelewa. Mitumba niliifikisha soko la Owino. Fundi wa kwanza aliyeitazama pikapu aliniambia injini imekufa, niiuze vipandevipande. Usiku huo nililala ndani yake, nikijua sina kitu kingine duniani.

Mama mmoja muuza nguo ndiye aliyenielekeza Kawempe kwa fundi Mnubi, mtu wa miaka hamsini hivi, mjukuu wa askari waliotoka Sudan zamani. Kiswahili chake alikipata kwa baba yake jeshini. Gereji yake ilikuwa uwanja mtupu, mabati mawili na benchi. Nilitaka kufungua boneti, akanizuia.

"Mimi hapana gusa gari sasa," akasema. "Keti. Kwanza nasikia wewe. Tangu Nakuru, kila kitu uliweka ndani, kila kitu ulifungua. Sema yote."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Hakuna gari lililoguswa kabla mwenyewe hajaketi kwenye benchi na kulisimulia. Nilimsimulia kila kitu, mlima, msitu, maji ya bwawa. Bizari niliiacha. Niliona haya.

"Maji tu?"

"Maji tu, fundi."

Akaanza kazi kwa kuniamini. Alichomoa kijiti cha oili akakipangusa kwenye kucha: oili ilikuwa safi, haikuwa imechanganyika na maji. "Aliyesema injini imekufa ni muongo," akasema, na mimi nikapumua. Akakaza mkanda wa feni. Akakuta themostati, vali inayopitisha maji injini ikipata moto, haipo, kwani mafundi wengi huitoa wakidhani nchi za joto hazina haja nayo, akatafuta nyingine akaifunga. Jioni tulipanda kilima tukielekea Mulago. Taa ikawaka. Siku ya pili nzima akabadilisha mipira ya maji, akajaribu tena. Taa ikawaka. Hakukasirika wala kubahatisha. Alikuwa anaondoa sababu mojamoja, na kila aliyoiondoa aliisema kwa sauti, ili nami nijifunze.

Siku ya tatu aliacha injini ipate moto, akaizima, feni iliposimama akapitisha kiganja polepole juu ya uso wa rejeta, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Hapa moto. Hapa moto. Hapa baridi. Weka mkono."

Niliweka. Katikati palikuwa baridi kabisa. Maji hayakuwa yanapita. Gari lilipopoa akafungua koki ya chini. Yakatoka maji ya manjano. Akayanusa, kisha akawageukia madereva waliokuwa wakingoja zamu.

"Jameni, kujeni na sahani. Huyu Mkenya anapika pilau."

Walicheka mpaka mmoja akashika tumbo. "Ssebo, bwana, nyama iko wapi?" akaniuliza. Nikakiri mbele ya wote. Fundi akafunga koki.

"Siku mbili nasumbua themostati ya watu. Kama ungesema bizari, jioni ya siku ya kwanza tumemaliza."

Aliishusha rejeta, akaifungua sehemu ya juu, akapitisha waya bapa katika kila mrija, akisukuma, akivuta, akisuuza, mpaka mchana ukaisha. Akaifunga kwa risasi ya kuyeyusha, safi kama mshono wa cherehani. Tulipanda kilima kile mara tatu. Taa haikuwaka. Nimeishi miji mingi tangu hapo na sijaona mikono kama ile.

Nilikaa Kampala miaka sita, nikibeba mizigo kwa pikapu ileile. Kisha miguu ikaanza kuniwasha kwa hamu ya safari. Owino niliwaambia wote naenda kusini mwezi mmoja tu, ilikuwa rahisi kuliko kuaga. Asubuhi ya kuondoka nilipitia Kawempe. Fundi akaniambia nizungushe ufunguo nusu. Taa nyekundu ikaonekana, akaridhika kuwa balbu ni nzima. Nikawasha injini, taa ikazima. Akanielekeza benchi kwa kidole.

Niliketi, nikasema yote: oili mpya, maji masafi, mpira mmoja wa zamani.

"Na unarudi lini?"

Mwezi mmoja ulikuwa tayari mdomoni.

"Sirudi, fundi."

Akaitikia kwa kichwa. Akateremsha boneti, akaikandamiza kwa viganja viwili.

"Sawa. Ule mpira wa zamani, badilisha ukifika Masaka."