Kizuizi cha Mama Pindo

Fundi cherehani yule tulimwita Mama Pindo, maana pindo zake hazifumuki hata nguo ikiraruka. Kwa kazi ya mikono yake sina neno. Ni mdomo wake uliomponza, tena kanisani, mbele ya watu, akiwa na nia safi kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Alikuwa na binti mmoja tu. Baba mtu alishafariki zamani, wakabaki wawili, chanda na pete, leo wananuniana kwa ajili ya mkasi na kesho wanacheka mpaka hawana mbavu. Binti akachumbiwa na kinyozi wa mtaa wa pili, kijana mpole, maneno yake ya kuhesabu. Mama Pindo alikuwa na sala moja ya kila asubuhi: "Bwana, niongezee upendo, na upendo wangu uwe na macho, nijue kupambanua jema na baya." Sala nzuri. Hata mimi nimeisali.

Tangazo la kwanza la ndoa likasomwa kanisani. Katikati ya wiki ile Mama Pindo akamwona kinyozi akitoka kwenye chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, mikono imelowa mpaka viwiko, na ndani sauti ya mwanamke ikimwambia, "Kesho usichelewe." Siku ya pili akamwona tena, na mlango ulikuwa wazi kidogo: mwanamke kitandani, amejifunga shuka tu. Mwingine angeuliza. Mama Pindo akafunga siku tatu, akaomba aonyeshwe ukweli. Siku ya mwisho ya mfungo akapita pale na kumwona kijana akitoka vilevile. Akasema moyoni, basi, nimeonyeshwa. Jamani, aliyempa macho si ndiye aliyempa na ulimi wa kuuliza?

Jumapili ya tatu mchungaji akasoma tangazo la mwisho, akauliza kama yupo mwenye kizuizi. Hapo huwa watu wanakohoa tu, wakingoja wimbo. Mama Pindo akasimama. Alisema yote, uani, mikono, shuka, na akamwita yule mwanamke jina ambalo sitalirudia.

Kinyozi hakubisha. Aliinuka akasema taratibu, "Yule ni dada yangu, kaja mjini kutibiwa. Ana kansa. Hawezi kujiogesha." Kisha akatoka nje, na binti akamfuata.

Dada mtu hakumaliza mwezi. Baada ya mazishi kinyozi akamtuma mjomba wake aje kusema kwamba haoi kwenye nyumba iliyomtukana marehemu. Binti akatia nguo zake kwenye mfuko, akahamia ng'ambo ya mji kwa rafiki yake. Mama Pindo alimpigia kinyozi magoti, akasamehewa kwa maneno mawili na kusindikizwa mpaka barabarani. Kwa binti alikwenda mara saba. Mara zote saba aliongea na mlango. Majuto ni mjukuu, na wake alikuja mapema.

Sasa ni miaka minne. Bado anasali, ila nusu ya pili ya sala ameitupa. Anaomba upendo tu, na kila siku anamtaja binti yake, arudi, hata kama ni kuja kumgombeza.

Jumanne iliyopita binti akaingia kwenye kibanda cha mama yake cha kushonea, sketi ya kazi mkononi. Mama Pindo akainuka kwa pupa mpaka kiti kikaanguka.

"Shikamoo," binti alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kaa basi."

"Nina haraka. Zipu imekufa, na fundi wa kule kwetu amefiwa. Inaweza kuwa tayari leo?"

"Sasa hivi. Dakika kumi tu, mama."

Akashona. Kila akigeuza kitambaa alimtazama mwanawe usoni, akitafuta hasira. Angeiona hasira angemshukuru Mungu, maana mtu humkasirikia aliye wake. Hakuiona. Ile nusu ya sala aliyokwisha kuitupa, ya macho, ilijibiwa pale pale, bila kuombwa, na alijua safari hii hajakosea. Aliona mteja mwenye adabu anayetazama saa.

Binti aliijaribu zipu, juu, chini, mara mbili, akaikunja sketi vizuri.

"Asante, fundi," akasema, akaenda zake.