Makochi ya Ng'ambo ya Mpaka

Mtaani walimwita Misumari. Fundi wa makochi hushika vijisumari kwa midomo, akivitoa kimoja kimoja kuvipigilia, na yeye alishinda navyo mdomoni asubuhi hadi jioni. Majirani walisema ndiyo maana umbea haukupata pa kutokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mabega mapana, mwenye mikono ya kuvuta kitambaa kikakaza kama ngoma. Makochi yaliingia karakanani kwake yakiwa yamebonyea, springi zikiwachoma wageni makalio, yakatoka mazuri kiasi cha watu kuogopa kuyakalia.

Mumewe alikuwa wakala wa mizigo mpakani. Mwanzo alikwenda na kurudi. Kisha akawa anakwenda kuliko anavyorudi. Mwishowe akahamia ng'ambo kabisa, akamwachia mkewe nyumba yao na, ndani ya nyumba hiyo, mama yake mzazi, mjane aliyekuwa akiugua macho. Misumari alimtunza mama mkwe yule kama mama aliyemzaa. Walipatana mpaka wakawa wanasutana kwa utani, jambo ambalo si kila mkwe analiweza.

Ndipo zikafika karatasi za mahakama ya ng'ambo. Mume anataka talaka. Ameapa kwamba huko aliko hana mbele wala nyuma, ila nguo zake na gari kuukuu, na kwa hiyo anaomba nyumba ya upande huu iuzwe, wagawane.

Misumari alizisoma akiwa amesimama, akaziweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, akamalizia kochi la mteja. Mteja alilijia jioni, akalisifu, akaondoka asijue lolote.

Kesho yake alikwenda kwa wakili, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu.

"Mama, unaamini kwamba hana kitu?"

"Miaka yote hii anatoa mizigo mpakani! Hata kama angekuwa anatupa hela mtoni, zingine zingenasa kwenye majani."

Wakili alicheka, kisha akamweleza. Mahakama ya hapa haiwezi kunyoosha mkono hadi ng'ambo, lakini kule yuko wakili mwenzake anayeweza kupekua ofisi ya ardhi. Tatizo ni jina. Anayeficha mali haiandiki kwa jina lake. "Huwa wanatumia mtu wanayemwamini. Kaka, rafiki, mama. Hebu muulize mama yake."

"Huyo simuulizi," alisema Misumari. "Siwezi kumfanya mzazi amchongee mwanawe ndani ya nyumba yangu."

Wala hakumuuliza. Lakini nyumba ina masikio, na mama mkwe, tangu apasuliwe mtoto wa jicho huko ng'ambo, alikuwa na macho pia. Jumapili moja mchana alimkuta mkwewe ameketi na zile karatasi mapajani.

"Nisomee," alisema.

"Mama, hizi ni za mimi na mwanao."

"Nisomee, usinifanye mtoto."

Akamsomea. Alipofika pale pa kuuza nyumba, bibi alimkatiza. "Iuzwe? Na mimi nikalale wapi, juu ya mti?" Akatulia, akiwa kama anayetafuta kitu kilichoangukia mbali. "Aliponipeleka kupasuliwa macho, tulipita kwanza ofisi moja. Wakanipiga picha. Akanishika kidole gumba, akakigandamiza kwenye wino, hapa, na hapa, na hapa. Nikamwambia, mwanangu, hospitali hii mbona wanataka dole kuliko macho? Akasema ndio utaratibu wao."

Waliangaliana.

"Mama," Misumari alisema, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sikuombi useme neno popote. Ukiamua kumtetea, utakaa humu kama ulivyokaa jana."

"Najua," alisema bibi. "Ungekuwa unanilazimisha, ningenyamaza. Mpigie huyo wakili wako."

Wakili wa ng'ambo alipekua kwa jina la bibi. Kiwanja kilikuwepo, na juu yake nyumba ya ghorofa moja.

"Basi nataka kuiona nyumba yangu," alisema bibi. "Nimekuwa tajiri bila kuambiwa."

Wakavuka mpaka kwa basi, wakapokewa na wakili yule. Ilikuwa nyumba nzuri, geti la kijani, vigae vinavyong'aa. Alifungua mpangaji, muuguzi aliyekuwa ndio kwanza ametoka kazini. Akawakaribisha kwa adabu, akasema kodi humlipa mtoto wa mwenye nyumba, maana mwenye nyumba mwenyewe ni bibi kizee asiyeona.

"Leo anaona," alisema bibi.

Misumari hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama mbele ya makochi ya sebuleni. Aliomba radhi, akapiga goti, akainua ncha ya moja, akapitisha vidole chini ya kiti. Mshono ulikuwa wake. Yeye ni wa mkono wa kushoto, na uzi wake hulalia upande ambao mafundi wengine hawaulazi. Miaka ya nyuma mumewe alimletea kazi ya mteja mmoja wa ng'ambo, mtu mkubwa, asiyetaka jina lake litajwe.

Alikaa chini, palepale kwenye vigae.

"Alinibembeleza bei," alisema. "Kwa niaba ya mteja. Akasema mteja analalamika. Mama, mimi nikampunguzia!"

Bibi alimtazama, midomo ikamcheza. "Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Chako kilikuwa kochini."

Wakacheka, wote wawili, mpaka muuguzi akawaletea maji. Katikati ya kicheko Misumari akajikuta analia, na bibi akamshika kichwa akakiweka begani pake.

Mume alipojua kwamba wamefika, alimpigia mama yake simu. Mama aseme tu kwamba nyumba ni yake, alijenga kwa mali ya marehemu baba. Atamtunza. Atamleta akae humo kama malkia. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, na siku ya kesi akasimama mbele ya hakimu wa ng'ambo, amejifunga kitambaa chake kizuri.

"Nyumba si yangu," alisema. "Ya mwanangu. Dole ni langu, lakini sikujua nalitia wapi." Kisha akamgeukia mwanawe. "Nilikuzaa, sikukatai. Ila njia ya mwongo ni fupi, baba, na wewe ulitaka kuipitishia juu ya kitanda changu."

Mume aliinamisha kichwa, na wakili wake akaomba muda wa kuzungumza naye nje.

Hakimu aliihesabu nyumba ile kuwa mali ya ndoa. Mume akabaki nayo, akatakiwa kumlipa mkewe fungu lake na kuacha kabisa madai juu ya nyumba ya upande huu. Talaka ikatoka. Kwa fungu lile Misumari alipanua karakana, akaajiri mafundi wawili wa kike, na mlangoni akapachika kibao chenye jina lake halisi, ingawa hakuna anayelitumia.

Bibi hakuhama. Majirani waliuliza, huyu ni mkwe wa nani tena, maadamu ndoa imevunjika? Misumari aliwajibu kwamba yeye aliachana na mume tu.

Miezi ilipita, yule mume akaja kumsalimia mama yake. Alisimama barazani na mfuko wa matunda, hajui atie mguu gani kwanza. Misumari alimfungulia, akamwitikia salamu, akaita, "Mama, una mgeni!" Kisha akarudi karakanani. Alisikia wakianza kwa ukali, bibi akimsema mwanawe kama mtoto aliyevunja chungu, halafu sauti zikashuka, na baada ya kitambo bibi akacheka. Misumari alikuwa anakata kitambaa cha kochi la hoteli. Alisawazisha kipande, akaendelea kukata.