Theodora Akataa Kujichukia

Basi, mbege ile iliharibika, na Masama nzima ilijua. Nyumba ya Sirili ilikuwa imepeleka pombe ya mahari ya mdogo wake, Remigius, na aliyeipika ni Theodora, mke wa Sirili. Haraka ilimponza. Uji wa ulezi aliuchanganya na ndizi zilizopikwa ukiwa bado wa moto, pombe ikalala doro. Wazee wa upande wa binti wakaonja, wakaweka kata chini, wakatazamana.

Theodora alishinda siku nyingi hainui uso. Alijiita mjinga, alijiita mkosi. Kisha yeye na mumewe wakakata jani la isale, wakaenda kuomba radhi. Baba wa binti akalipokea, na kwetu isale likishapokelewa, neno limekwisha. Hakuna wa kulifufua. Remigius akaoa.

Aliyelifufua ni wifi yake, Yuditha, dada wa Sirili. Kila walipokutana ni mbege, mbege. Sasa Primus, kijana wa Theodora, alikuwa anakaribia kipaimara, na Yuditha akaja asubuhi na shauri lake.

"Pombe tuagize kwa yule mama wa Himo. Wewe Mama Primus pika mtori tu, inatosha."

Theodora alitaka sana kumpikia mwanawe kwa mkono wake, lakini akainama akachochea moto.

Mara hodi. Akaingia msichana kutoka mjini Moshi, jina lake Raya.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba mwanangu. Karibu, ingawa kwetu hapa hakuna kitu," Theodora akasema, huku anamtengea ndizi za kuchoma na maziwa.

Raya akaeleza kazi yake. Kuna watu wa chuo wanauliza katika nchi nyingi: mtu mambo yakimharibikia, anajisemaje moyoni? Anajigombeza au anajituliza? Yeye atasoma, mama ajibu kuanzia sifuri, yaani si kweli kabisa, mpaka nne, yaani kweli kabisa.

"Nikikosea, najiona sifai."

"Nne," akajibu Theodora upesi, kama alivyosema hakuna kitu na sahani imejaa. Mwanamke mwenye adabu hajisifu mbele ya mgeni.

"Nikikosea, najichukia."

"Weka nne!" Yuditha akadakia. "Ingekuwepo kumi ungeweka kumi. Muulize habari za mbege!"

"Mama, naomba ajibu mwenyewe."

"Mimi wifi yake, namjua."

Raya akatabasamu. "Hapa wanauliza mtu anavyojichukia, si wifi anavyomchukia."

Theodora akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Kisha akafikiri: kila Jumapili najipiga kifua, nimekosa mimi, nimekosa sana. Lakini tukishajipiga kifua Misa inaendelea, tunaimba. Sijaona mtu aliyebaki kwenye benchi anajipiga kifua mpaka jioni.

"Andika sifuri," akasema.

"Sifuri, mama?"

"Sifuri. Na ile ya kwanza ifute, nayo iwe sifuri. Ile nilijibu kwa adabu. Sasa najibu kweli."

"Hicho ni kiburi!" Yuditha akaruka.

"Wifi, wenye binti walipokea isale. Padri aliniondolea dhambi. Mungu amesamehe, wazee wamesamehe, halafu mimi Theodora nikatae? Hicho ndicho kiburi. Na wewe uliyekataa, umetumwa na nani?"

Yuditha akageukia maziwa.

"Nikikosea, najitia moyo," Raya akasoma taratibu.

Hilo Theodora hakuwahi kuulizwa na mtu yeyote. Alikaa nalo kidogo, akasikia linampendeza.

"Nne. Andika vizuri, ionekane."

Mgeni alipoaga, Theodora akachukua panga akashuka kihambani, kwenye migomba yake. Yuditha nyuma yake, mbiombio.

"Unakwenda wapi?"

"Kukata ndizi za mbege ya Primus."

"Utatia tena uji wa moto! Utuaibishe mbele ya watu!"

"Nikitia, nitaimwaga nipike nyingine. Ya Himo haiingii nyumba hii." Akaukata mkungu, ukashuka polepole begani mwake. "Shika huku, wifi, mzito huu."

Yuditha akasonya kwa nguvu. Akashika.