Nilivyofundisha Grade 4 algebra kwa meza za kuazima, hapa Kosele

Wakuu, habari za leo. "Omera, ndugu yetu, wewe ulikuwa unapanga meza za hoteli Doha. Utafundisha watoto wetu nini?" Hivyo ndivyo nilivyopokelewa sokoni niliporudi. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu.

Diploma ya ualimu nilijisomesha mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Shule ilinipa Grade 4 kwa muhula mmoja. Mwalimu mkuu alisema wazi: siku ya wazazi ikiharibika, narudi nyumbani.

Nikawapa watoto kazi ya kupanga chakula cha siku hiyo. Meza moja ya mraba, watu wanne. Ukiunganisha mbili, sita. Tatu, nane. Wageni ni arobaini na wawili, kwenye meza moja ndefu. Tuazime ngapi?

Madam Atieno wa Grade 5 alicheka dirishani. "Mwalimu wa Doha! Fundisha kuzidisha, wacha mambo ya harusi."

Siku tatu walichora kwenye vumbi. Wakuu, watoto wakifikiria kuna utulivu fulani, kama mvua unayoiona ikitembea vilimani na wewe bado umesimama juani.

Kisha Akinyi, ambaye huwa haongei, akasimama.

"Mwalimu, kila meza iko na wawili, huku na huku. Halafu kuna wawili wa kichwani. Hao hawaongezeki."

"Kwa hivyo?"

"Toa hao, gawanya kwa mbili. Meza ishirini."

Hiyo ni algebra, na hatukuwa tumeandika herufi hata moja!

Tuliazima boma kwa boma, zile meza ndogo za sebuleni zenye vitambaa, pamoja na viti. Siku ikafika, wageni wote wakakaa, hakuna kiti kilichobaki.

Madam Atieno, sahani mkononi, akamwita Akinyi. "Haya, meza mia?"

"Watu mia mbili na wawili, Madam."

Akanigeukia. "Mwaka ujao huyu anakuja kwangu. Usimharibu."

Mwalimu mkuu akaniongezea mwaka mzima.

Kesho yake tulirudisha kila kitu kwa mwenyewe. Watoto mstari mrefu njiani, viti vichwani, miguu ya viti ikielekea mawinguni, kama msitu mdogo unaohama. Doha sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo.

Nilichojifunza: mtoto hahitaji x mapema. Anahitaji kitu kinachojirudia, na mtu wa kumngoja. Mimi nilingoja, na najisifu.

Tulipofikisha kiti cha mwisho, Akinyi akauliza, "Mwalimu, na meza zikizunguka mpaka zikutane, wale wawili wa kichwani watakaa wapi?"

Nikachuchumaa, mimi na diploma yangu, nikaanza kuchora mduara wa meza vumbini. Walimu mlio humu, nyinyi mngemjibu nini?