Usingizi wa Kusimama

Kiwandani walimwita Mama Pacha, ingawa pacha wenyewe walishakuwa watu wazima wenye ndevu, kila mmoja na kwake. Kazi yake ilikuwa kulisha mashine. Kile kilikuwa kiwanda cha udobi kinachofua mashuka ya hospitali na ya hoteli, na shuka likishakaushwa lilipelekwa kwenye pasi ya roli: gogo refu la chuma lenye moto ndani, linalozunguka mchana kutwa. Wanawake wawili husimama mbele yake bega kwa bega, kila mmoja na pembe yake. Wanalivuta shuka likanyooka, wanaliweka mdomoni mwa mashine, nayo inalimeza na kulitema upande wa pili likiwa halina hata kunyanzi moja.

Pembe ya pili ilishikwa na Somo. Walikuwa na jina moja, ndiyo maana waliitana hivyo tangu walipokutana mara ya kwanza kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Somo alikuwa mwembamba, mjane, mdomo hautulii. Angeweza kukusimulia sinema nzima, pamoja na kulia kwa wanaolia na kufa kwa wanaokufa, bila kukosea pembe ya shuka hata mara moja.

"Somo, umelala?" alikuwa akimtania kila mwenzake alipochelewa kuvuta.

"Nimelala na nani?" Mama Pacha humjibu, na wale wa meza ya kukunja wakaangua kicheko.

Baadaye utani huo ukaacha kuchekesha.

Hedhi ya Mama Pacha ilikuwa imemuaga muda mrefu, na mwanzoni alishukuru Mungu kwa kupunguziwa shughuli. Halafu joto likaja. Usiku alikuwa akiamka amelowa kama aliyenyeshewa, anabadilisha gauni la kulalia gizani, anageuza mto, anarudi kulala kwenye upande uliobaki mkavu. Baba Pacha pembeni anakoroma kama jenereta. Asubuhi anaingia kazini, kwenye mvuke na moto wa mashine, na joto la ndani linakutana na la nje. Lakini joto aliliweza. Uchovu ndio uliomshinda. Uchovu wa kazi aliujua vizuri. Ule, mtu akikaa chini akanyoosha miguu, akanywa kikombe cha chai, unakwenda zake. Huu ulikuwa umehamia na mizigo yake. Aliamka nao, akapiga nao mswaki, akapanda nao ngazi za kiwanda akipumzika katikati kama bibi kizee.

Somo ndiye aliyemvuta kliniki. "Wewe si mzee, wewe ni mgonjwa," alimwambia. "Tena ukiendelea kubisha nitakubeba mgongoni, tuone nani ataaibika."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya chini. Alimuuliza maswali mengi, akampima, akamweleza kwamba mwili wake umepungukiwa na homoni na kwamba zipo dawa za kuzirudisha. Akampa plasta ndogo za kubandika nyongani na vidonge vya kumeza. Akamweleza namna ya kutumia, akamwambia kwamba wiki za mwanzo mwili unaweza kulegea zaidi kabla haujapata nafuu, asivunjike moyo. Mama Pacha aliitikia kwa kichwa kila sentensi. Lakini akili yake ilikuwa nyumbani, kwa mumewe.

Baba Pacha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi mwashi aliyestaafu kwa sababu ya mgongo, mtu wa kupika mwenyewe mkewe akichelewa. Ila dada yake, aliyekuwa kipenzi chake, alikufa kwa saratani ya titi, na tangu msiba ule Baba Pacha alikuwa na neno moja: dawa za homoni alizokuwa akizimeza ndizo zilizomuua. Hakuna daktari aliyewahi kumwambia hivyo. Alijiambia mwenyewe, akaamini. Redio ikitaja tu homoni, alikuwa akiinuka kuizima.

Basi Mama Pacha akaamua kumficha. Plasta haikuwa shida, ilikaa chini ya nguo. Vidonge ndivyo vilivyohitaji maficho, naye akaviweka kwenye kabati lake la kazini, ndani ya soksi. Daktari alikuwa amesema vimezwe usiku, wakati wa kulala. Hilo alilisikia. Lakini usiku alikuwa nyumbani, na vidonge vilikuwa kazini, na yeye alijiambia kwamba kidonge ni kidonge, tumbo halina saa. Akawa anameza asubuhi, kabla ya zamu, kwa chai ambayo Somo alimmiminia kutoka kwenye chupa yake.

"Wamesema asubuhi?" Somo aliuliza siku ya kwanza.

"Asubuhi," alijibu, kwa sababu hakutaka kuanza kueleza mambo ya mumewe mbele za watu.

Uchovu ukaongezeka. Si kwamba alikuwa hajaambiwa. Ndiyo maana hakushtuka. Kila kope zilipomshuka alijisemea kwamba ni zile wiki za mwanzo, zitapita. Akajitafutia njia za kupambana. Alitafuna tangawizi mpaka ulimi ukafa ganzi. Alijimwagia maji ya baridi kwenye viganja na shingoni. Wakati wa mapumziko alijifungia chooni, akaegemeza kichwa ukutani, akalala mpaka Somo agonge mlango. Siku moja alijikuta amesimama mbele ya kabati lake, ufunguo mkononi, hajui kama anafungua au anafunga. Siku nyingine aliweka sabuni ya unga kwenye sufuria ya chai nyumbani, na mumewe akacheka hadi akashika mbavu. Usiku ule Baba Pacha hakucheka tena. Alimwangalia mkewe akila amefumba macho, akamuuliza, "Mama, una nini?"

"Kazi tu," alisema.

Somo alimbeba. Shuka zito lilipokuja, alilivuta kwa nguvu za watu wawili. Msimamizi alipopita, Somo alipaza sauti na kuanza kisa ili mwenzake azinduke. "Nenda kamwambie daktari," alikuwa akimnong'oneza. "Dawa gani hii inayokuchosha hivi?"

"Nimeambiwa nisubiri."

Mashine ile ilikuwa na kizuizi mbele ya mdomo wake, fimbo ya chuma ambayo mkono ukiigusa tu, gogo linasimama lenyewe. Kizuizi kilikuwa kimekufa. Fundi alikuwa ameahidi kuja wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa haifiki. Kilichobaki ni kitufe chekundu cha kuzima mashine, upande aliosimama Mama Pacha. Kila mtu alijua, na kila mtu aliendelea na kazi.

Ilikuwa kabla ya chakula cha mchana. Mashuka ya hospitali yalikuwa yamerundikana na msimamizi alikuwa ameshapita akipiga makofi kuhimiza. Likaja shuka lililochanika pindo. Uzi wa pindo ukamzunguka Somo vidoleni bila yeye kuuona, shuka likaingia mdomoni, na uzi ukavuta.

"Zima!" Somo alisema. Kisha akapiga kelele. "Zima, somo! Zima!"

Mama Pacha alisikia. Baadaye hilo ndilo lililomtesa kuliko yote, kwamba alisikia. Alikuwa amesimama, macho wazi, mikono imeshika pembe yake ya shuka, na sauti ile ilimfikia kama inatoka nyumba ya jirani, kama ugomvi wa watu wengine usiomhusu. Alifikiri, kuna mtu anaita. Alifikiri, nani yule. Mkono wake haukunyanyuka. Mwanamke wa meza ya kukunja ndiye aliyeruka, akamsukuma, akakipiga kitufe kwa ngumi.

Gogo liliposimama, mkono wa kulia wa Somo ulikuwa umeingia hadi kwenye kifundo.

Hospitali walijaribu kuokoa walichoweza. Kidole gumba kilibaki, na kipande cha kidole cha kati. Vingine walivitoa.

Msimamizi alimwita Mama Pacha ofisini, uso umemshuka. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale."

"Pale pale wapi, mama? Kitufe kiko usawa wa kiwiko chako."

Wakamrudisha nyumbani mpaka wamwite. Fundi wa kizuizi akapatikana jioni ile ile.

Baba Pacha alimkuta mkewe ameketi kitandani na viatu miguuni. Akamvua kimoja, halafu cha pili. Hapo Mama Pacha akasema yote: joto, kliniki, plasta, soksi, chai ya asubuhi. Mwanamume alisikiliza akiwa amechuchumaa, viatu mkononi.

"Muda wote huu unameza kitu na mimi sijui?"

"Si ulisema zilimuua dada yako."

Baba Pacha alivigeuza viatu mkononi. "Nilisema. Nilikuwa nimefiwa, nikasema. Watu hawakunikataza, basi nikaendelea kusema." Akaviweka viatu chini ya kitanda, vizuri, kimoja kando ya kingine. "Kesho twende wote kwa huyo daktari."

Daktari aliuliza swali moja tu. "Kidonge unakimeza saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kile kinaleta usingizi, mama. Ndiyo maana nilisema usiku, ukiwa umeshapanda kitandani. Ungekimeza usiku kingekusaidia kulala. Asubuhi kinakulaza kazini." Hakumgombeza, na kutogombezwa kulimuuma zaidi. Akampima damu, akaikuta nayo imepungua, akamwandikia dawa ya kuongeza. Akamwambia asiziache za homoni kwa hasira, wiki za mwanzo ndizo nzito, na uchovu ukizidi arudi aseme, asinyamaze nao. Na mashine, asiikaribie kwanza.

Baba Pacha aliuliza kuhusu saratani. Aliuliza kwa ukali, kisha kwa upole, kisha akauliza kuhusu dada yake. Daktari alimweleza kwamba hakuna dawa isiyo na hatari yake, na kwamba yeye kama daktari alimpima mkewe na kuipima pia hatari hiyo. Kuhusu marehemu, alisema hawezi kujua. Baba Pacha akashukuru, akatoka nje, akasimama koridoni muda mrefu akitazama ukuta.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Ilikuja kama mgeni mwenye aibu, anayesimama mlangoni bila kugonga. Mumewe ndiye aliyekuwa akimletea maji na kidonge taa ikikaribia kuzimwa. Akawa analala. Joto likapungua, likawa la kufunua shuka tu na kuendelea. Mchana alijipumzisha kidogo akiwa hoi, halafu anajilazimisha kutembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, hata siku ambazo miguu ilikuwa kama ya kuazima. Kazini wakamrudisha, kwenye meza ya kukunja, mbali na roli. Asubuhi moja alifika juu ya ngazi za kiwanda ndipo akagundua kwamba hakupumzika katikati. Akasimama pale, mkono kwenye ukuta, na badala ya kufurahi akajisikia kama mwizi.

Somo alikuwa anaishi peke yake kwenye chumba cha ghorofa ya pili, dirisha linalotazama nyuma ya gereji. Kiwanda kilikuwa kimelipia matibabu na kumwambia watamtafutia kazi nyingine, na kilikuwa bado kinatafuta. Mama Pacha alipomtembelea, alimkuta akijaribu kufungua kopo la maziwa, amelibana katikati ya magoti.

"Wa kulaumiwa ni wao," Somo alisema, kabla hajaulizwa. "Kizuizi kilikuwa kimekufa, na walijua. Wewe usijitie kitanzi. Mtu mgonjwa anakunywa dawa, dawa inamchosha, afanyeje?"

Angeweza kunyamaza. Mlango wa kunyamaza ulikuwa umefunguliwa, na Somo mwenyewe ndiye aliyeushika. Mama Pacha alichukua lile kopo, akalifungua, akalirudisha mezani.

"Kile kidonge kilikuwa cha usiku," alisema. "Niliambiwa. Nilikuwa namficha mume wangu, nikawa nakinywa asubuhi. Nilikudanganya."

Somo hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake haukubadilika, ila mkono ule uliofungwa bendeji aliushusha kutoka mezani akauweka mapajani, chini, pasipoonekana.

"Chai nilikuwa nakumiminia mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Ndiyo."

Gereji walikuwa wanagonga bati. Wote wawili wakakaa wakisikiliza bati lile mpaka likaacha.

"Nenda kwako," Somo alisema. "Sina nguvu za kugombana na wewe leo."

"Nije tena?"

"Mimi nitakuzuiaje?"

Akaenda, na siku yake ya mapumziko akarudi. Somo alifungua mlango, akamtazama, akaenda kukaa bila kusema karibu. Mama Pacha akafua, akafagia, akaondoka. Ikawa hivyo. Visa vya sinema havikusimuliwa tena. Wakati mwingine saa nzima ilipita bila neno, na wakati mwingine Somo alimtuma kwa ukali, kama anavyotumwa mtu asiyejulikana.

Kilichomshinda Somo kabisa kwa mkono wa kushoto ni nywele. Siku moja alileta kitana mwenyewe, akaketi chini mbele ya kiti cha mwenzake, akampa mgongo. Mama Pacha akaanza kumfumua taratibu, akianzia kisogoni.

"Sasa hivi unalala?" Somo aliuliza, bila kugeuka.

"Nalala."

"Uchovu umekwisha?"

"Umepungua sana."

Somo akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayepokea habari za mbali. "Mimi silali. Vile vidole ambavyo havipo, usiku vinaungua."

Mama Pacha akashika kifungu kingine cha nywele, akaendelea kuchana.